Mlonge, habasoda na mnanaa dhidi ya mionzi kwenye mbegu za kiume: nilichokikuta kwenye tafiti, na nilichokosa kuambiwa mapema

MwalimuWaTanga (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nina miaka 34, nafundisha biolojia sekondari. Miaka mitatu iliyopita nilikutwa na saratani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Nilipigwa mionzi ya nyonga mara 25, nikafanyiwa upasuaji, na leo namshukuru Mungu nipo darasani nashika chaki. Jina la hospitali silitaji, maana uhai wangu wao ndio waliouokoa. Lakini kuna jambo hakuna aliyeniambia kabla ya siku ya kwanza ya mionzi: kwamba korodani zangu zingepata sehemu ya mionzi ile, na kwamba ningeweza kuhifadhi mbegu kabla ya kuanza. Nililijua mwaka mmoja baadaye, mimi na mke wangu tulipokuwa tunatafuta mtoto. Majibu ya maabara yalirudi yameandikwa sifuri.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye dawa za asili. Miezi minane nilikunywa unga wa mlonge asubuhi, habasoda na asali jioni, na chai ya tangawizi katikati. Aliyeniuzia aliniambia, "Mwalimu, hii imefanyiwa utafiti India, inakinga mbegu na mionzi." Mimi ni mtu wa biolojia, nikaanza kuzitafuta hizo tafiti. Wakuu, tafiti zipo kweli. Naandika kwa sababu zipo, na kwa sababu zinasema jambo tofauti na lile tunalouziwa.

Nianze na kinachotokea mwilini. Mionzi ya tiba ikipita kwenye mwili hukutana zaidi na maji, maana sehemu kubwa ya sisi ni maji. Hupasua molekuli za maji na kuzaa radikali huru, vijipande vyenye njaa ya elektroni. Kile kikali kuliko vyote huishi kwa muda unaohesabiwa kwa nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde. Katika muda huo huuma chochote kilicho jirani: vinasaba, protini, na mafuta ya utando wa seli. Utando wa mbegu ya kiume umejaa mafuta laini yanayooksidika upesi, ndiyo maana huumia haraka.

Korodani ina udhaifu mwingine. Mwaka 1903, daktari Heinrich Albers-Schönberg wa Hamburg aliona kwamba wanyama aliowamulika eksirei wamekuwa tasa. Mwaka 1906 Wafaransa wawili, Bergonié na Tribondeau, walifanya majaribio kwenye korodani za panya wakatoa kanuni inayofundishwa mpaka leo: seli inayogawanyika sana na ambayo haijakomaa ndiyo inayoumizwa zaidi na mionzi. Korodani ni kiwanda cha seli kinachofanya kazi bila kupumzika. Mbegu moja huchukua siku 74 hivi kutengenezwa. Kwa hiyo mionzi ikizipiga seli mama, zile zinazozaa mbegu, leo, mbegu zilizokwisha kukomaa huendelea kutoka kwa wiki kadhaa, kisha ghala linakauka. Mwanaume anajiona mzima kabisa, nguvu zipo, sauti ipo, ndevu zipo, kwa sababu seli za Leydig zinazotoa testosteroni ni ngumu kuliko seli za mbegu. Mimi sikuhisi dalili hata moja.

Sasa mimea. Wahindi ndio waliolifanyia kazi jambo hili kuliko watu wengi. Kule Jaipur, Chuo Kikuu cha Rajasthan, watafiti waliwapa vipanya weupe kiziduo cha majani ya mnanaa siku 3 mfululizo kisha wakawapiga mionzi ya gama, grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Kiziduo maana yake majani yamekaushwa, yakasagwa, yakalowekwa, yakachujwa, na maji yakakaushwa tena mpaka kikabaki kiini. Korodani za vipanya waliopewa mnanaa ziliharibika kidogo kuliko za wale waliopigwa mionzi bila kupewa kitu, na vimeng'enya vinavyozima radikali havikushuka sana. Delhi, taasisi ya jeshi la India ya tiba ya nyuklia ilitumia mmea wa Himalaya wenye matunda ya rangi ya chungwa, nao ukalinda utengenezaji wa mbegu kwa vipanya. Mlonge wetu huu ulijaribiwa Manipal, matokeo yakachapishwa mwaka 2001, ukapunguza uharibifu wa kromosomu. Zipo nyingine za mrehani wa Kihindi, tangawizi, manjano na zambarau.

Basi someni kwa makini mambo ambayo muuzaji hakuniambia.

Mnanaa ulitolewa kabla ya mionzi. Mlonge ulitolewa kabla. Ule mmea wa Himalaya ulidungwa tumboni nusu saa kabla. Karibu kila utafiti niliousoma unakwenda hivyo, na sababu ni zile nanosekunde. Kinachozima moto lazima kiwepo moto unapowaka. Mimi nilianza mlonge zaidi ya mwaka mzima baada ya mionzi yangu ya mwisho. Radikali nilizokuwa nazikimbiza zilikwisha kufa kabla sijashuka kwenye kile kitanda.

Halafu ule utafiti wa mlonge wa mwaka 2001 ulipima uboho wa mifupa. Korodani haikuguswa.

Vipanya wale pia walikuwa wazima. Hawakuwa na saratani. Mimi nilikuwa nayo.

Na kuna suala la kiasi. Kipanya alipewa gramu 1 ya kiziduo cha mnanaa kwa kila kilo ya uzito wake. Dozi ya kipanya haihamishwi kwa binadamu kwa kuzidisha kilo tu, kwa sababu mwili mdogo huchoma dawa haraka. Wanasayansi hugawanya kwa 12.3. Kwa mtu wa kilo 60 inakuja kama gramu 5 za kiini kwa siku, si za majani. Kikombe cha chai ya mnanaa hakifiki huko hata kidogo.

Naishia hapa kwanza. Karibuni, hasa wenye taaluma.

---

Chachandu

Mkuu pole sana. Nimeweka kambi hapa. Nina rafiki yangu yupo kwenye matibabu na hakuna aliyemgusia habari hii.

---

Kobalti60

Mleta mada, nakupa heko. Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha mionzi, naomba niongeze ya upande wetu.

Tunapotibu nyonga hatulengi korodani. Lakini mionzi hutawanyika kama mwanga wa taa kwenye vumbi, mingine ikitoka kichwani mwa mashine na mingine ndani ya mwili wenyewe. Chukua mgonjwa wa grei 50 kwa vipindi 25. Ikifika asilimia 4 tu kwenye korodani, ni grei 2. Kwa ngozi hiyo si kitu. Kwa korodani, grei 2 zinatosha kufuta mbegu zote kwa muda mrefu. Zikipigwa mara moja, kuanzia grei 3.5 mpaka 6 utasa unaweza kuwa wa kudumu.

Tena kuna jambo linalowashangaza hata wanafunzi wetu. Viungo vingi ukivigawia dozi kidogo kidogo vinapata nafasi ya kujitibu. Korodani ni kinyume: dozi iliyogawanywa huumiza zaidi. Seli zake haziko hatua moja, kwa hiyo kila siku unayorudi, mionzi inakuta kundi jingine limeingia kwenye hatua yake dhaifu.

Kinga tuliyonayo ni kikombe cha madini ya risasi, kizito, kinafunika korodani mgonjwa akiwa mezani. Kinazuia vizuri ule mtawanyiko wa kutoka nje. Unaotoka ndani ya mwili kinauzuia kidogo tu. Pia kuna namna ya kupanga miale na kumlaza mgonjwa ili korodani zikae mbali. Sentimita chache zinaleta tofauti kubwa. Mgonjwa akiuliza, tunafanya. Wengi hawaulizi, na siku ya wagonjwa 80 kwenye foleni, usipouliza linaweza kupita. Nalisema kwa masikitiko, maana nimeliona.

---

MamaSalha_Tiba

Mwalimu, hujambo mwanangu. Mimi nauza dawa za asili huu mwaka wa 12, na mlonge ndio unaosomesha wanangu. Nimesoma maneno yako mpaka mwisho na yameniuma, kwa sababu na mimi nimewahi kumwambia mteja maneno kama hayo aliyokwambia muuzaji wako. Sikudanganya. Niliambiwa na aliyenifundisha, naye aliambiwa.

Lakini nataka kuuliza. Mlonge una vitamini, una madini, mtoto mwenye utapiamlo akipewa ananawiri, nimeona kwa macho yangu. Unataka kusema hauna faida kabisa kwa mwanaume aliyetoka kwenye mionzi? Na hizi dawa za hospitali za kukinga mionzi mbona hamzitaji?

---

MwalimuWaTanga

Shikamoo mama. Nashukuru umeandika, na sikusudii kukuharibia biashara yako.

Mlonge ni chakula kizuri. Mgonjwa aliyekonda baada ya matibabu akila majani yake na maharage, ni jambo jema na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na sentensi moja tu: "unakinga mbegu na mionzi". Hiyo ndiyo haijathibitishwa kwa binadamu.

Dawa ya hospitali ipo moja maarufu, amifostini. Ilianzia kwenye utafiti wa jeshi la Marekani wa kutafuta kinga ya mionzi ya vita. Mwaka 1995 Marekani iliiruhusu kukinga figo dhidi ya dawa za saratani, na mwaka 1999 kukinga tezi za mate kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo. Inadungwa mshipani muda mfupi kabla ya mionzi, tena ule mtindo wa kabla, na inatapisha na kushusha presha. Kwa uzazi wa kiume haikuidhinishwa. Ni dawa iliyotengenezwa kwa fedha na miaka mingi, na bado haikufika huko.

Nikupe na mfano mwingine uliokuwa unanipa matumaini. Kuna mtafiti wa Houston, Marvin Meistrich, aliyefanya kazi ya miaka mingi kuhusu mbegu na mionzi. Kwa panya iligundulika kwamba seli mama nyingi hazifi, zinabaki zimezubaa. Ukizima homoni kwa dawa maalumu, zinaamka na mbegu zinarudi. Yalikuwa matokeo mazuri mno. Yalipojaribiwa kwa wanaume waliokuwa wakitibiwa saratani, hayakufanya kazi. Korodani ya panya na ya mtu hazifanani kiasi hicho. Ndiyo maana nikisoma "iliwalinda vipanya" siku hizi nafurahi, lakini sikimbilii dukani.

Mama, kuna jingine naliomba kwako kwa heshima, kwa kuwa unakutana na wengi. Si kila mmea ni rafiki wa mbegu za kiume. Mwarobaini umechunguzwa miaka mingi kama njia ya kuzuia mimba, na kwa wanyama hushusha mbegu. Mbegu za papai, ambazo watu wanasaga na kunywa kwa ajili ya minyoo na ini, watafiti wa Rajasthan waliwapa nyani wa Kihindi kiziduo chake, mbegu za kiume zikatoweka mpaka walipoacha kuwapa. China walitumia kiini cha mbegu za pamba kwa maelfu ya wanaume kama kidonge cha uzazi wa mpango, wakakiacha kwa sababu baadhi yao hawakurudi kuwa na mbegu. Sasa mteja anakuja anatafuta mtoto, anapewa mchanganyiko wa mimea saba, na mmoja wao ni mwarobaini "wa kusafisha damu".

---

MamaSalha_Tiba

Marahaba mwanangu. Habari ya mwarobaini sikuijua. Ninao mchanganyiko mmoja wenye mwarobaini na nimekuwa nawapa akina baba. Kesho nautoa.

---

BinSeif_Muscat

Assalaam alaykum. Nafuatilia kutoka Muscat. Huku habasoda iko kila nyumba, na sisi Waislamu tumefundishwa kwamba ina shifaa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Mwalimu, kuhusu habasoda nahisi umeipita haraka. Nimesikia kuna utafiti wa wanaume, si panya, na mbegu ziliongezeka.

---

MwalimuWaTanga

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umesikia sawa na niliipita haraka kweli. Upo utafiti wa Iran: wanaume 68 wenye matatizo ya mbegu, nusu wakapewa mafuta ya habasoda mililita 5 kwa siku, nusu wakapewa mafuta yasiyo dawa, na hakuna aliyejua amepewa yapi. Baada ya miezi 2 waliokunywa habasoda walikuwa na mbegu nyingi zaidi na zenye mwendo mzuri zaidi. Ni utafiti wa heshima.

Ila wale hawakuwa wamepigwa mionzi. Kiwanda chao kilikuwa kinafanya kazi kwa unyonge, na kikitiwa mafuta kikachangamka. Mtu ambaye seli mama zake zimekufa kiwanda hakipo. Na tusisahau wanaume 68 ni wachache. Marekani mwaka 2020 zilitoka tafiti mbili kubwa kuliko huo. Mmoja ulihusu zinki na foliki asidi kwa wenza 2,370, wa pili mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, seleniamu na wenzake. Mbegu hazikuboreka katika tafiti zote mbili. Watu wengi walitegemea jibu tofauti, na mimi nilikuwa mmojawapo.

Habari ya shifaa, mimi nayo naiamini. Lakini sioni kwamba imani inatuzuia kupima ni kwa nani, wakati gani na kiasi gani.

---

Mdadisi_wa_Kweli

Naona namba zinatajwa tu, grei 2, grei 3.5. Hizo zimepimwa kwa nani? Huwezi kumchukua mwanaume mzima ukampiga mionzi korodani ili kuona kama atakuwa tasa. Au nazo ni za panya?

---

MwalimuWaTanga

Mkuu swali lako ni zito, na jibu lake lilininyima usingizi.

Walimpiga. Kuanzia mwaka 1963, kwa miaka kama kumi, Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani iligharamia majaribio kwenye magereza mawili. Jimbo la Oregon alikuwa daktari Carl Heller na wafungwa 67. Jimbo la Washington, gereza la Walla Walla, alikuwa daktari Alvin Paulsen na wafungwa 64. Korodani zao zilimulikwa eksirei kwa vipimo tofauti, wakakatwa vinyama vya kuchunguza mara kwa mara, na waliingia kwa makubaliano kwamba mwishoni watafungwa kizazi. Walilipwa. Mfungwa na fedha kidogo, hiyo hiari yake tuiite nini?

Kutoka kwao ndiko tulikojua kwamba hata grei 0.15 hupunguza mbegu. Na ndiko zilikotoka namba za kupona ambazo kila daktari anazitumia: chini ya grei 1, mbegu hurudi kati ya miezi 9 na 18. Grei 2 hadi 3, kama miezi 30. Grei 4 hadi 6, miaka 5 au zaidi, na wengine wasirudi.

Mimi nikiisoma ile miezi 30 nawakumbuka wale watu 131. Matumaini yangu ya kusubiri yamepimwa kwenye miili yao.

---

Mdadisi_wa_Kweli

Sikutegemea jibu hilo. Ahsante mwalimu.

---

DerevaWaMasafa

Wakuu mnisaidie mtu wa kawaida. Mimi mwaka huu nimepigwa picha ya CT ya tumbo mara mbili kwa ajili ya mawe ya figo. Halafu simu naiweka mfukoni mwa suruali siku nzima, kiti cha gari kina moto. Nianze kunywa mnanaa?

---

Kobalti60

Ndugu dereva, tulia. CT moja ya tumbo ni kama milisiveti 10 (ni kipimo kingine cha mionzi; kwa CT, milisiveti elfu moja ni sawa na grei 1). Mbili ni 20. Kiasi kinachoanza kugusa mbegu ni kama mara saba ya hizo mbili kwa pamoja, tena kipigwe korodani moja kwa moja. Sisi tunaofanya kazi na mionzi kila siku tunaruhusiwa wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na tunavaa beji zinazopimwa. Tanzania msimamizi wa hayo ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Kwa CT zako mbili huna haja ya dawa yoyote ya kukinga mbegu.

Simu ni mawimbi ya aina nyingine. Hayana nguvu ya kupasua maji kama mionzi ya gama au eksirei, kwa hiyo maelezo yote ya mleta mada hayahusiani nayo. Kiti chenye moto ndicho ningekiangalia. Korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu zinataka baridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Simama kila baada ya saa mbili, tembea, vaa nguo zinazopitisha hewa. Na kunywa maji, mawe ya figo yasirudi.

---

DadaWaMbeya

Habari zenu. Nimesoma uzi huu usiku wa manane na mikono inatetemeka. Mdogo wangu ana miaka 22. Amekutwa na saratani kama ya mwalimu na Jumatatu anaanza mionzi. Leo ni Jumatano. Hajaoa, hana mtoto. Mama ameshamnunulia mlonge na vidonge vya vitamini E vya nguvu nyingi, anamwambia anywe kila siku mpaka amalize mionzi ili akingwe.

Nauliza mawili. Hivyo vidonge na mlonge aendelee? Na hiyo habari ya kuhifadhi mbegu inafanyikaje, mimi dada mtu nitamwambiaje jambo kama hilo?

---

MwalimuWaTanga

Dada, pole sana, na ahsante kwa kuuliza kabla ya Jumatatu.

Kwanza vidonge. Asianze kabla daktari wake wa mionzi hajavijua, kimoja kimoja kwa jina. Sababu ni hii. Daktari anatumia zile radikali huru makusudi, ndizo zinazoua saratani. Ukizizima kwenye korodani, umejuaje kwamba huzizimi kwenye uvimbe? Kanada walilijaribu jambo hili kwa wagonjwa 540 wa saratani ya kichwa na shingo, wakapewa vitamini E nyingi wakati wa mionzi na miaka iliyofuata. Madhara ya mionzi yalipungua kweli, mwanzoni walipoongeza na beta-karotini. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha saratani mpya ziliwapata zaidi waliokuwa wakinywa vidonge kuliko wale ambao hawakunywa. Hicho ndicho kipande ambacho vipanya wazima wa maabara wasingeweza kutuonyesha.

Mlonge kama mboga mezani, kiasi cha kawaida, muulizeni daktari, sidhani atakataa. Unga wa vijiko na vidonge vya nguvu nyingi, hapana mpaka aseme yeye. Mama msimlaumu. Mama yangu alifanya vilevile.

Kuhifadhi mbegu: anatoa manii kwenye chumba cha faragha, yanapimwa, yanachanganywa na dawa ya kuzuia barafu isipasue seli, yanatiwa kwenye mirija midogo na kuzamishwa ndani ya naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Yanakaa miaka. Si jambo la jana, mimba za kwanza zilizotokana na mbegu zilizogandishwa ziliripotiwa Marekani mwaka 1953. Na tangu mwaka 1992, Brussels walipofanikiwa kuingiza mbegu moja ndani ya yai kwa sindano, haihitajiki mbegu nyingi. Hata sampuli moja yenye mbegu chache ina thamani. Kwa hiyo wasimwambie muda umekwisha. Siku nne zinatosha.

Kliniki za kupandikiza mimba ndizo zenye mitungi hiyo, Dar zipo, Nairobi na Kampala zipo. Ni za kulipia, na kuna ada ya kila mwaka ya kutunza. Pigeni simu kesho asubuhi mapema.

---

Kobalti60

Naongeza. Akija Jumatatu, kabla hajalala mezani, aseme: "Naomba kinga ya korodani, na naomba kujua zitapata kiasi gani." Mwanafizikia anaweza kukadiria. Akiwa anapewa na dawa za saratani pamoja na mionzi, lazima atoe sampuli kabla ya zote mbili. Na hata baada ya hapo atumie kondomu wakati wa matibabu na miezi mingi baadaye mpaka daktari aseme, maana mbegu zilizokuwa njiani zimepigwa mionzi zikiwa hazijakomaa.

---

MamaSalha_Tiba

Mwanangu wa Mbeya, usimwambie wewe. Mtume shemeji yake. Mume wako akae naye nje, wazungumze kiume. Kijana hatasema na dada yake, lakini na shemeji atasema.

---

DadaWaMbeya

Ahsante mama. Mume wangu yupo macho, nimemsomea uzi wote. Amesema ataomba ruhusa kazini.

---

Chachandu

Tunasubiri mrejesho dada. Rafiki yangu niliyemtaja juu nimempigia leo. Yeye amekwisha kupigwa mara 11. Kobalti60, kwa huyu kuna la kufanya?

---

Kobalti60

Mkuu, hapo ni pagumu na sitaki kukupa tumaini la uongo. Mbegu anazotoa sasa zinaweza kuwa zimeguswa, kwa hiyo kliniki nyingi hazitapenda kuzihifadhi. Linalobaki ni kinga kwa vipindi vilivyobaki, aombe kesho, kila grei inayopungua inafupisha muda wa kurudi. Halafu apime manii baada ya mwaka, na tena baada ya miaka miwili na mitatu. Asipime mara moja akakata tamaa. Wapo ambao kwenye manii hazionekani, lakini daktari wa mfumo wa mkojo akifungua korodani kwa darubini anapata chache za kutumia.

---

MwalimuWaTanga

Na mimi ndipo nilipo. Mwezi wa 30 wangu umefika mwezi uliopita. Nilipima, wakahesabu mbegu chache sana, nyingi hazitembei. Zamani ningeona ni habari mbaya. Nilikaa na ile karatasi kwenye benchi la maabara nikalia, kwa sababu haikuandikwa sifuri.

Mlonge nilikuwa nimeacha miezi saba kabla.

---

DadaWaMbeya

Ijumaa, saa kumi jioni. Wapo kwenye basi wanarudi kutoka Dar. Shemeji yake amenitumia ujumbe: mirija minne imewekwa, imeandikwa jina na tarehe, risiti iko kwenye bahasha ya vyeti. Daktari ameviangalia vile vidonge vya mama akasema viwekwe kando mpaka matibabu yaishe. Mlonge amesema ale kama mboga.

Jumatatu anaanza saa mbili asubuhi. Ile sentensi ya Kobalti60 ameiandika kwenye kiganja.